Kisanduku cha Ugoro cha Dhahabu

Geneva, Uswisi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje, na mahindi ya huko Bonga yamepata mvua? Mimi ni mzima, ila baridi inanionea. Nasikia sabuni na sukari bado ni za kutafuta kwa foleni. Nimempa Sista anayerudi Babati mche wa sabuni na kitenge, mpokee.

Mama, nina habari. Masista walinileta huku nijifunze kutengeneza vikombe vya misa, lakini Mzee Emil, sonara anayenifundisha, hukarabati pia visanduku vya kale vya dhahabu. Ni vya ugoro, Mama. Mabwana wa zamani walinusa kama wewe, ila wewe unaweka wako kwenye kikopo cha dawa, wao waliweka kwenye dhahabu iliyopakwa unga wa kioo cha rangi, ukayeyushwa kwenye tanuru mpaka ukang'aa kama maji. Sonara mmoja alifua dhahabu, mwingine akachora, mwingine akatia rangi. Wengi wao hakuna anayewajua hata kwa jina.

Juzi alikuja mama mmoja na kisanduku cha babu yake. Buluu ya kifuniko ilikuwa imebanduka pembeni. Mzee akamwelekeza kwangu. Yule mama akasema, "Nimekileta kwako, si kwa mwanafunzi wako."

Mzee akanyoosha mikono yake. "Tazama inavyotetemeka. Ya Fausta haitetemeki. Nikikigusa mimi, nitakiharibu."

Mama yule akavuta kiti, akasema atakaa pale pale aone.

Niliogopa, sikufichi. Moto ukizidi, rangi yote ya kale inapasuka, na aliyeitia hayupo tena. Nilisaga buluu, nikaijaza palipobanduka kwa ncha ya brashi, nikakiingiza kisanduku tanuruni. Buluu ikatoka imefifia, kama jivu. Nikaisugua mpaka ikatoka, nikasaga nyingine, nikarudia. Safari hii ilitoka buluu kabisa, na rangi ya kale ilikuwa salama.

Kilipopoa, yule mama alikipeleka kwenye mwanga, akakigeuza na kukigeuza. Akaniuliza, "Palipobanduka palikuwa wapi?"

Nilimwonyesha kwa kidole. Akanishika mkono wangu wenye masizi, akanishukuru.

Alipoondoka, Mzee alisogeza vifaa vyake kutoka kwenye meza iliyo karibu na tanuru, meza aliyofanyia kazi tangu ujana wake, akaniambia, "Kuanzia leo ni yako." Kisha akaenda kukaa kwenye meza yangu ya mwanafunzi.

Mwambie Baba, aliyesikitika kwamba sikwenda kusomea unesi, kwamba mikono yake isiyotetemeka ndiyo niliyorithi. Msalimie Shangazi Martina wa Nakwa anayetulelea ng'ombe, na kaka yangu Paskali huko shuleni anakofundisha.

Nakuombea afya. Ni mimi binti yako, ambaye sasa nikiulizwa nafanya kazi gani, najibu bila kusita: sonara.

Fausta