Nimeketi Mezani, Mama

Westkade, Alhamisi

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Magoti yanaendeleaje na baridi hii huko ng'ambo? Sisi tu wazima. Adriaan anavuna viazi sukari mpaka mgongo unamlilia, na Krina wetu ametimiza miaka minne, anakula mkate kama mwanamume wa shambani.

Nina habari kubwa, lakini niache nianze na matope.

Jumamosi, kesho yake ikiwa Chakula cha Bwana, Krina alitumbukia mtaroni nyuma ya zizi. Nikamtafuta kila mahali. Nikamkuta kwenye pampu ya maji, anatetemeka, anasugua gauni kwa mikono michafu kuliko gauni lenyewe. Nikamuuliza mbona hakuja ndani. Akasema alitaka kutakata kwanza, nisije nikakasirika. Mama, nilimbeba vilevile, matope yakaenea kwenye aproni yangu, nikamwambia kazi ya kumsafisha ni yangu, yake ni kuja tu. Kisha nikasikia nilichosema, nikakaa chini jikoni nikalia.

Maana unajua tunavyoishi. Kanisani meza ndefu inatandikwa kitambaa cheupe, mchungaji anaalika, na sisi watu mia tatu tunabaki kwenye mabenchi tunamumunya peremende. Wanaoinuka ni wazee sita tu; sisi wengine tunaogopa kwamba asiyestahili akila anajilia hukumu. Wewe umengoja miaka arobaini ustahili. Baba alikufa akingoja.

Jumapili mchungaji alisema Kristo hakuwafia walio safi, aliwafia wenye dhambi, na kaburi lilishindwa kumshika. Nimeyasikia hayo tangu tumboni mwako, ila siku hiyo ni kama niliitwa jina. Nikampa Adriaan mtoto. Akanong'ona, unaumwa? Nikamwambia hapana, nina njaa.

Shangazi Tannetje alinivuta koti akauliza nimeota mabawa lini, maana yeye ana miaka sabini na hajathubutu. Nikamjibu sina mabawa, shangazi, nina matope tu. Nikakaa kiti cha saba. Mzee Job alinisogezea sahani bila kuniuliza lolote. Nikala, nikanywa. Mama, sikufa! Ilipoimbwa zaburi, wote taratibu kama kawaida yetu, mimi nilikuwa kila mara neno moja mbele yao, furaha inanisukuma.

Sasa keti kabla hujasoma zaidi. Matope yangu ni haya. Wiki mbili baada ya kumzika Baba, wakati wewe unaumwa kwangu, kaka Huib alikuandikia kutoka Rotterdam. Aliomba radhi kwa kukosa mazishi, akauliza kama bado ana nafasi nyumbani. Barua niliipokea mimi, na kwa hasira nikaitia motoni. Kila ulipouliza kama ameandika, nilisema hapana. Ulikuwa unamchungulia tarishi dirishani, nami nimekaa pembeni yako namenya viazi. Miaka mitatu, Mama.

Siombi unisamehe kwa kuwa nimekuwa mwema. Nakuja hivihivi nilivyo, kama Krina.

Jumapili hiyohiyo mchana nilimwandikia Huib nikamwambia yote. Anwani yake nilishindwa kuisahau. Leo asubuhi amejibu mistari miwili: kwamba mimi ni mjinga, kama alivyosema siku zote, na kwamba Jumamosi atashuka kwenye kivuko chenu cha saa nne.

Anakuja, Mama! Alikuwa amepotea, na anakuja. Toa kile kitambaa cheupe cha harusi yako ukitandike.

Halafu Januari meza ya Bwana itaandaliwa tena hapa Westkade. Kiti cha nane kiko ubavuni mwangu, nimekwisha kukiangalia, ni kizuri tu. Panda kivuko uje. Usingoje kutakata.

Adriaan anakushika mkono, na Krina ameibusu karatasi hapa chini. Hiyo alama ni jamu.

Mwanao anayekupenda,
Leuntje