Sukari Aliyoificha Kabula

Kirumba, Mwanza
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya pili kutoka kwa kaka Hamisi, ambaye yu hai. Nawaulizia afya zenu hapo Ujiji, hasa lile goti lako na kifua cha Bibi. Desturi yangu ni kuandika baada ya hapo kwamba sisi huku hatujambo. Leo siandiki hivyo.

Barua yenu, iliyoandikwa kwa mkono wa Mjomba Saidi, nimeipata juzi. Namwomba Mwalimu Ramadhani, anayekusomea barua zangu, aisome hii yote bila kuruka mstari, hata penye mambo ya aibu. Najua Mjomba atakuwa amekaa hapo hapo barazani anasikiliza. Naogopa, Mama. Nimekwisha chana karatasi mbili. Lakini safari hii hasira imeushinda woga.

Mnaniagiza, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, niandike talaka ya Kabula, mumewe Hamisi aweke dole gumba, na Mjomba akifika kwa treni mwisho wa mwezi amkute mwanamke amekwisha rudi kwao. Siandiki. Nimetanguliza jibu ili msilitafute mbele.

Sasa sababu. Tangu robota la pamba limwangukie Hamisi bandarini na kumvunja mgongo, ni miaka miwili hajasimama. Mwaka wa kwanza mlituletea samli, asali na mawese kwa kila msafiri, kwa sababu kwetu mgonjwa hanyimwi kitu. Mimi nami nilikuwa nikitoka ofisini napita dukani kumnunulia sukari guru na mkate. Niliwaandikia kwa furaha kwamba kaka amenawiri, tumbo limetoka kama la liwali. Mkashukuru Mungu. Hakuna aliyeuliza kwa nini tumbo lile linakua huku miguu inakauka kama fito.

Aliyeuliza ni Kabula. Ndiye aliyeona kwamba Hamisi anamaliza mtungi wa maji kabla ya alasiri na bado ulimi mkavu. Ndiye aliyeona sisimizi wamejipanga hadi kwenye kopo lake la mkojo. Hakuita mganga wala hakulia. Alitia mkojo ule katika chupa, akaifunika kwa kitambaa, akapanda nayo kilimani hospitali kwa miguu, nami nikamfuata kwa kuwa daktari anasema Kiingereza.

Daktari alichanganya matone ya mkojo na maji ya buluu katika kichupa chembamba, akakichemsha. Mama, niliyaona kwa macho yangu yale maji yakigeuka rangi ya tofali. Akasema hiyo ni sukari. Nikamwomba anieleze taratibu, nikaandika. Alisema mwilini mna tezi zinazotoa kitu kiitwacho homoni, nacho husafiri ndani ya damu kama tarishi anayebeba barua za ofisi. Tarishi mmoja kazi yake ni kuiambia minofu ipokee sukari. Sasa minofu ya miguu ya Hamisi imekwisha, na mafuta ya tumbo yamejaa. Tarishi anabisha, hakuna anayefungua, sukari inabaki barabarani.

Hapa ndipo penye aibu, Mwalimu, soma tu. Mjomba amewaambia kwamba ndevu za Hamisi zimepukutika na kifua kimeota kama cha mwanamwali, na kwamba Kabula amemfanyia dawa za Kisukuma ili amfanye mwanamke. Nilimwuliza daktari jambo hilo nikiangalia chini. Hakucheka. Alisema amewaona hivyo wanaume wengine waliovunjika mgongo, kwa kuwa homoni ya kiume nayo hupungua, na mafuta huizidisha hali hiyo. Wanaume hao, Mama, wengine hawana wake kabisa. Nani basi aliwaroga?

Daktari akaagiza sukari ikome, asali ikome, samli ipungue sana. Ale samaki, mboga za majani, na ugali kidogo wa mtama. Na mikono ifanye kazi ya mwili mzima. Kabula akafunga kamba kwenye boriti juu ya kitanda, na kila siku Hamisi hujivuta na kujiinua mpaka jasho limtoke. Sukari ya nyumba Kabula aliitia katika kisanduku na kuning'iniza ufunguo shingoni. Baada ya miezi mitatu ile kiu ilipungua, na lile kopo sisimizi wakalisahau.

Ndipo Mjomba akaja, baada ya Idi. Siku ya kwanza alionja chai ya Hamisi akaitema. Akanitazama mimi. "Karani mzima wa serikali ya Uhuru, ndugu yako anakunywa maji ya kuoshea vikombe?"

Kabula akapiga magoti, akamweleza kwa adabu kwamba sukari imo tele ndani ya damu ya mumewe.

"Damu ya sukari," Mjomba akasema. "Basi tumkamue kama muwa tuuze." Majirani mlangoni wakacheka. Hata Hamisi alicheka. Kisha Mjomba akaiona ile kamba, akauliza huyu ni mtu au mbuzi. Huko kwenu nasikia sasa inasimuliwa kwamba mke anamfunga mume kamba na kumnyima chakula. Ndiyo kamba hiyo, na ndicho chakula hicho.

Alikaa siku nane. Kila Kabula alipokwenda ziwani kufua shuka, Mjomba alitoa chupa ya asali katika kanzu yake, akammiminia Hamisi katika kikombe, akasema kunywa baba, kunywa, mwanamke asikuue kwa njaa. Hamisi alikunywa. Ni mtu mzima, lakini ni mtu aliyekaa miezi bila kitu kitamu, na anayempa ni mjomba wake anayetokwa na machozi.

Mimi niliona, Mama. Niliona mara tatu. Mara ya kwanza Mjomba alinikonyeza, nami nikatabasamu, kwa sababu sikulelewa kumkataza mtu aliyenipeleka jandoni na kunilipia shule. Nilikuwa na maneno ya daktari mfukoni, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nikanyamaza.

Siku tatu baada ya Mjomba kupanda treni, Hamisi aliamka hajui jina langu. Alikuwa anapumua haraka, midomo imepasuka, na kidonda cha matakoni ambacho Kabula alikuwa amekiponya kwa kumgeuza ubavu usiku na mchana kilikuwa kimefumuka tena. Tulimbeba juu ya mlango tuliong'oa, vijana wa Kirumba wanne na mimi. Alikaa hospitali siku kumi na mbili akidungwa sindano. Daktari akaniuliza amekula nini. Nikamwambia. Akauliza, "Wewe ulikuwa wapi?"

Kwa hiyo mtu aliyekaribia kumuua mwanao ndiye anayekuja kumfukuza aliyemwokoa. Nimeandika sentensi hii polepole, sitaifuta.

Nilimsomea Hamisi barua yenu mwenyewe, maana talaka ni yake. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika ile kamba. Kisha akasema, "Mwambie Mama nimevunjika mgongo, sijafa. Mke wangu bado si urithi wa kugawa." Nikamwuliza kama kuna la Mjomba. Akasema Mjomba anampenda, na hilo ndilo linalomtisha.

Sasa nakuomba, Mama, na nikikosea adabu unisamehe. Kabula akiondoka, Hamisi hamalizi masika haya. Asije Mjomba. Njoo wewe. Kaa nasi siku saba. Umgeuze mwanao ubavu mara zote anazogeuzwa, umwoshe, umpimie ugali wake, umtazame akikuomba asali nawe umnyime. Siku ya nane, ukiwa bado unaitaka talaka hiyo, utaniambia wewe mwenyewe kwa kinywa chako, mbele ya Kabula, kwa nini niiandike. Mjomba akija badala yako atanikuta nimesimama mlangoni. Nitamwamkia, shikamoo yake ni haki yake, lakini hataingia na chupa wala na mganga.

Msalimie sana Bibi, umwambie ile dawa ya kifua nimeipata. Msalimie dada Mwanaidi na mumewe fundi cherehani, na Mama Mdogo anayekaa sokoni. Mwalimu Ramadhani nampa pole kwa kazi ya kuisoma barua hii. Na Mjomba Saidi nampa shikamoo, kwa dhati.

Nimemwuliza Kabula nimwandikie salamu gani. Alikuwa anakamua shuka mlangoni, hakuinua uso.

"Waambie nipo," akasema.

Ni mimi mwanao mdogo,
Idrisa