Kisu Kilichoanguka Msibani

Mabwerebwere, Kilosa
4 Mei 2025

Kwa mwanangu Editha,

Salamu nyingi. Mimi mzima, miguu tu inanisumbua, lakini kwa baiskeli bado nawashinda vijana. Wewe hapo Mikumi waendeleaje? Tembo hawajala mahindi yako?

Barua hii nampa konda wa basi mkononi. Usinipigie simu kwa mambo haya. Simu zina masikio, na wewe polisi unajua.

Jana mwenyekiti wa mtaa alituita. Kuna ulinzi shirikishi, wananchi pamoja na polisi, sababu vijana wanachomana visu. Wameweka sanduku la chuma ofisi ya kata, eti kijana atumbukize kisu chake na haulizwi kitu. Haulizwi! Mimi nimekata mkonge miaka ishirini na hakuna mnyapara aliyenipunja hata fungu moja, leo nidanganywe na sanduku? Nikasimama nikauliza: alama za vidole je? Niliwakomesha.

Tena wanataka tuwataje wenye visu. Ukimtaja mtu asubuhi, jioni yuko mlangoni kwako anakushukuru anavyojua yeye. Nani kampelekea jina? Nijibu wewe uliyevaa sare.

Goodhope mwanao hajambo. Hana tatizo lolote. Usimuulize kitu.

Ni mimi baba yako mzazi,
Nikolaus


Mikumi
11 Mei 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole na miguu. Mimi mzima. Tembo walipita kwa jirani, kwangu hawakugusa.

Sanduku halina mtego, baba. Lina kufuli mbili, ufunguo mmoja anao polisi, mwingine mwenyekiti. Hapa Mikumi mwezi wa pili tulizika kijana aliyechomwa kwa sababu ya kofia. Mama yake ndiye aliyekuja kutuomba tuweke sanduku kama hilo.

Kuhusu majina umesema kweli. Yamewahi kuvuja. Ndiyo maana sasa jina haliandikwi mahali, unamwambia polisi kata peke yake, mdomo kwa sikio.

Lakini nakujua. Mtu asiye na kisu nyumbani haulizi alama za vidole. Na mimi sijamuuliza Goodhope kitu, mbona unanikataza? Baba, mwanangu ana kisu?

Mwanao,
Editha


Mabwerebwere
18 Mei 2025

Editha,

Marahaba. Mimi sijambo. Barua nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu anisomee, kisomo cha watu wazima niliongoza darasa zima. Nimeona juu ameandika mwanangu, chini ameandika polisi. Nani kati yenu anauliza? Nikisema ndiyo, atakuja mama au itakuja pingu?

Hapa kisu ni kimoja, cha kukatia nyanya, na chenyewe hata nyanya kinaiponda tu.

Na kama kijana angekuwa nacho, nasema kama, jiulize kwa nini. Akitoka gereji jioni anapita darajani, na pale kuna wanaomngoja. Apite na nini, rozari? Polisi wako wako pale? Hawapo.

Baba yako,
Nikolaus


Mikumi
25 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo.

Anayeuliza ni mama. Lakini sitakuja, maana macho niliyonayo ni haya haya. Nikikiona kisu siwezi kusema sikukiona. Nenda wewe kwa polisi kata, umwambie nani anamngoja darajani. Silali, baba.

Editha wako


Mikumi
15 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu. Konda anasema hujampa kitu. Goodhope simu yake imezimwa. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Editha


Mabwerebwere
22 Juni 2025

Kwa mwanangu Editha,

Marahaba. Usishtuke, mwanao mzima. Mimi pia mzima.

Mzee Anselmi alifariki, tukaenda kuzika. Bonifas, yule mtani wetu Mngoni, unamjua msibani hana adabu. Alijifunga kanga, akalala mbele ya jeneza, akadai jogoo ndipo tupite. Kisha akarukia mkanda wa Goodhope: "Mnyamwezi wewe, mkanda mzuri huu umeuiba wapi? Lete!" Akavuta, kisu kikaanguka chini mbele ya watu wote.

Haya, kisu kilikuwepo. Usinichoshe. Lakini watoto wa leo! Unakwendaje msibani na kitu kiunoni ukasahau kuna watani?

Bonifas akakiokota. "Jamani, kaja nacho asije marehemu akafufuka!" Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mtani akichukua chako hukasiriki, Goodhope akabaki ameshika suruali. Bonifas akakipeleka sandukuni. Nilimfuata nyuma nihakikishe. Hakuulizwa jina, wala mimi.

Basi toka siku hiyo mwanao hatoki ndani. Gereji haendi, simu kazima. "Babu, bila kile Elia ataniua pale darajani." Nilimwambia nitamsindikiza. Akanitazama miguu.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa yule polisi kata, binti mdogo tu. Nikamnong'oneza: Elia, mtoto wa Regina muuza maandazi. Hakuandika. Nikarudi nikaweka panga chini ya kitanda, nikangoja jina langu livuje.

Juzi Regina mwenyewe akapiga hodi. Nikasema haya, si niliwaambia? Nikafungua mlango nusu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nimekuja kusema Elia nimempeleka Kisanga kwa mjomba wake, akalime. Polisi kata na mwenyekiti walikuja, wakakaa na sisi, kisu tukakikuta kwenye godoro. Kakitia sandukuni kwa mkono wake. Sijui nani alimtaja mwanangu. Mungu amlipe, baba. Nilikuwa nalala nangoja maiti, yake au ya mwenzake. Wewe unajua watu wote hapa, ni nani huyo?"

Nikasema simjui.

Polisi wako bado siwaamini. Huyo binti mmoja, labda.

Leo Goodhope kaenda gereji, karudi, kala ugali wote, kalala. Editha, katika yote niliyofanya duniani hili ndilo kubwa, na hakuna mtu ninayeweza kumsimulia, hata Bonifas. Linaniwasha mdomoni. Nimekusimulia wewe mara moja tu, basi. Ukimaliza kusoma, choma.

Baba yako,
Nikolaus