Wazee Waliombeba Neema

Mpenzi dada Atupele,

Salamu nyingi kutoka Ikuti, ambako mvua imehamia kabisa na ndizi za shangazi ni tamu kuliko tulivyozikumbuka.

Jana asubuhi Neema, jirani wa shangazi, alishikwa na uchungu. Mume wake yuko Tunduma. Tangu biashara ya mpakani ifunguliwe huko, vijana karibu wote wameondoka, na chai wanachuma wazee. Gari halikuweza kupanda kwa utelezi. Nikauliza, "Sasa nani atambeba?"

Shangazi akanishangaa. "Sisi."

Dada, wakatoka mashambani mabibi na mababu, wengine vikapu vya chai vikiwa bado mgongoni. Wakamlaza Neema kwenye machela ya mianzi, wakashuka naye bondeni hadi zahanati, wakipokezana mabega na kuimba polepole ili hatua zao zilingane. Nami nilishika mti mmoja wa machela, lakini pumzi ikaniishia. Bibi mmoja mfupi akanisogeza. "Pisha, mwanangu, utamwangusha." Alikuwa peku kwenye tope lile, na hakuteleza hata kidogo.

Mchana muuguzi alitoka na mtoto wa kike. Wazee wakanawa mikono kwenye maji ya mvua, wakampokea mmoja mmoja. "Ndaga fijo, asante sana," babu mmoja alimwambia muuguzi. Kisha akamtazama mtoto kwa muda mrefu.

"Nilikuwa nimesahau," akasema, "kwamba huwa wepesi hivi."

Mkumbatie mama kwa niaba yangu, na Mungu awafunike nyote.

Mdogo wako,
Tusa