Hodi ya Baba Kwenye Mahame

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Na lile donda la mguu wa baba, limefunga? Mimi mwili ni mzima, ingawa baridi ya huku inaingia hata kwenye meno. Moyo ndio haujatulia tangu barua yako ifike.

Nimeisoma mpaka karatasi imechanika kwenye mikunjo. Kwamba huko kijiji kipya nyumba zimepangwa mistari kama mkonge, zote sura moja, na baba akaingia kwa balozi wa nyumba kumi akidhani ni kwake, akavua makatambuga yake, akaketi na kudai ugali. Hapo nilicheka peke yangu, Mungu anisamehe. Kicheko kilikatika nilipofika pale uliposema kila siku anarudi kwenye mahame yetu, anasimama palipokuwa na mlango, anapiga hodi, halafu anajiitikia mwenyewe “karibu” kwa sauti ya marehemu mama. Na balozi amesema, “Huyu mzee apelekwe hospitali ya vichaa kabla hajatuletea balaa.” Sasa mnangoja neno langu kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume. Hilo limeniudhi, dada. Wewe ndiye unayemwosha donda, na shauri nikate mimi niliye ng’ambo!

Mmekuwa mkiulizana huko ninasomea nini, nami hujibu ualimu ili yaishe. Ukweli ni kwamba mwaka huu tunasoma vitabu ambavyo Wazungu waliviandika baada ya vita vyao vikubwa. Miji ilikuwa imebomoka, watu wamehamishwa, na waandishi wakaona hadithi ya jana kisha leo kisha kesho haisemi tena kweli. Mwanafalsafa mmoja alikuwa amekwisha kufundisha kwamba wakati wa saa ni mwingine na wakati wa moyoni ni mwingine. Madaktari wa akili nao walisema tuliyoyameza hayapotei, hurudi ndotoni. Wachoraji wakaacha kuchora uso kama unavyoonekana kwenye picha ya studio. Wakauvunja, wakaweka mbele na ubavu pamoja. Waandishi wakayabeba hayo yote, wakaanza kuandika mawazo ya mtu jinsi yanavyokuja, aliyekufa na aliye hai wakiongea katika sentensi moja.

Juzi mwalimu wetu, mzee mmoja wa kikohozi, aliniuliza kama kwetu kuna jambo la namna hiyo. Nikamsimulia habari za baba.

“Waandishi hawa walihangaika sana kukipata anachokifanya baba yako,” akasema. “Tuandikie anayoyasema pale mlangoni.”

Nikakaa na kalamu, dada, sikuwa na kitu. Mawazo ya watu wa kubuni ninaweza kukusomea kwa kichwa kurasa nzima. Ya baba ninajua “hodi” na “karibu”, na hayo mawili nimeyapata kwako. Niliona uchungu mpaka nikatoka nje.

Unakumbuka siku mliponisindikiza stesheni ya Korogwe? Baba alishika kamba ya sanduku langu akawa anaongea: “Yule ndama alikufa, mama yako akalia sana. Mvua ilikuwa imegoma. Funga viatu vizuri. Basi babu yako akaja na fimbo yake, akasema…” Treni ikaondoka. Babu alisema nini sijui mpaka leo. Nawaza sana kwamba ningetoa chochote nirudishwe kwenye ile stesheni, treni ichelewe kidogo tu.

Basi neno langu ni hili: asipelekwe. Sisemi baba haumwi. Kitabu si dawa, na huenda ninakosea. Mganga wa zahanati amtazame, na mvua zikianza asivuke mto peke yake. Lakini wakimfungia kule hospitalini, atapiga hodi kwenye mlango gani? Nyumba yake imeachwa, makaburi ya wazee yameachwa, na yeye anajaribu kukaa kuwili kwa mara moja. Mwombeni balozi radhi kwa heshima. Shemeji autundike ungo wa mama juu ya mlango wenu, pengine baba akiuona atajua kwake ni wapi.

Msalimie shangazi mwenye kusuka mikeka, mwambie ule alionipa ndio ninaoswalia. Wasalimie shemeji, watoto wote, na balozi pia, asidhani nina kinyongo. Masomo yamebaki mwaka mzima, na ninaogopa kwamba mwaka wa baba si mrefu kama wangu.

Ndiyo maana nina ombi moja, dada. Siku moja mtangulie kule kwenye mahame. Kaa ndani, hapo palipokuwa na jiko, na akipiga hodi mwitikie wewe, asijiitikie mwenyewe. Mwache aseme, usimkatize hata akianzia mwisho. Akimuulizia mama, utajua la kumjibu. Akiniulizia mimi, mwambie nimetoka kidogo tu, sijafika mbali.

Mdogo wako akupendaye,
Ramadhani