Unga Uliokula Sweta

Mama yangu, shikamoo. Tunduma kuna baridi kali, na sweta ulilonifumia halipo tena.

Hapa mpakani, mfuko ukipasuka tunapopakua lori, kinachomwagika ni chetu makuli. Juzi ulimwagika unga mweupe wa kiwanda cha sabuni. Nikakomba wangu, nikauloweka na sweta kutwa nzima. Nilipoliinua, likakatika mikononi kama mkate uliolowa.

Dereva wa lori, Mzambia, alicheka. "Mzee, hiyo si sabuni! Ni vimeng'enya vitupu. Wamevibadili maabara viweze kula protini hata kwenye maji baridi: madoa ya damu, maziwa, jasho. Sasa sufu si nywele za kondoo? Nayo ni protini. Umevikaribisha mezani!"

Nikamuuliza, je, hawawezi kuvibadili tena virudishe vilichokula? Akaacha kucheka.

Najua macho yako hayaoni tena sindano, kwa hiyo sikuombi lingine. Imebaki kola peke yake. Nimeifunga shingoni hapa ninapokuandikia.

Uote moto vizuri, mama, kwa niaba yangu pia.

Mwanao, Daudi