Rafiki wa Papa na jibini iliyovimba

Jumamosi, jioni. Ukungu haujaondoka mlimani tangu asubuhi, na nguo nilizoanika juzi bado ni mbichi.

Ninaandika hapa daftarini kwa sababu hapa hakuna anayeniangalia usoni. Darasani nilikuwa najua majibu lakini sinyanyui mkono. Sasa nimemaliza shule, diploma ya biolojia na kemia ninayo, na nilidhani sitaulizwa tena kitu.

Kisha Jumatano Papa, baba yangu, akaniuliza.

Tulikuwa wawili tu katika chumba cha jibini. Papa hutengeneza jibini kwa maziwa ya wafugaji wa milima yetu, na mimi huzigeuza juu ya mbao kila asubuhi. Aliongea akiwa amenipa mgongo.

"Riziki, iko rafiki yangu moja. Akienda ku choo anaonaka damu. Njo miezi tatu sasa. Wewe ulisoma, tafuta mu telefone iko nini. Na usiambie muntu."

Nikasema ndiyo, Papa. Sikuuliza rafiki gani.

Nilipanda hadi nyuma ya kanisa, ambako rezo, mtandao wa simu, hushika. Nilisoma kuhusu bawasiri, amiba, minyoo. Yanayoleta damu ni mengi, na mengi yanatibika. Ningeweza kuishia hapo. Lakini chini yake nikakuta saratani ya utumbo mkubwa, na ndani ya habari hiyo nikakuta bakteria, na hapo nikapotea.

Nieleze nilivyoelewa. Utumbo wetu umejaa bakteria, na wengi wao hawana neno, hata wanatusaidia. Yuko mmoja tuliyemsoma shuleni, E. coli. Aina fulani zake hutengeneza sumu inayoitwa kolibaktini. Sumu hiyo huharibu ADN, yale maandishi yanayoiambia kila seli ifanye nini. Seli hujaribu kujirekebisha. Ikirekebisha vibaya, kosa linabaki. Makosa yakirundikana miaka na miaka, seli inaweza kusahau kuacha kugawanyika, na hapo saratani huanza.

Watafiti wamekuta alama za sumu hiyo ndani ya baadhi ya saratani, kama alama za meno kwenye muhindi: unajua nani alipita hapo hata kama ameshakwenda. Lakini hawasemi kwamba kosa ni lake peke yake. Watu wengi wanaye tumboni na hawaugui. Kwa nini huyu na si yule? Bado hawajui! Nilitamani kuwa na mwalimu wa kumuuliza, mimi nisiyenyanyua mkono.

Hapa naungama. Kwa saa nzima nilikuwa na furaha. Nilisahau kabisa kwamba kuna mtu anatokwa na damu.

Nilikumbuka nilipofika nyumbani. Papa alikuwa amesimama mlangoni, na mkanda wake ulikuwa na tundu jipya alilotoboa kwa msumari ili umbane.

Rafiki gani, kweli?

Siku mbili niligeuza jibini bila kumwambia nilichosoma. Leo asubuhi Papa alikuwa anazigonga jibini kwa kidole, moja moja, akisikiliza kama kawaida yake. Moja ikalia kama ngoma. Mama, aliyekuwa nasi chumbani, akacheka sana.

"Eeh, Papa Riziki, ile iko na mimba! Nani alifanya vile?"

Papa akachukua kisu, akaipasua palepale. Ndani ilikuwa na matundu madogo kila mahali, kama sifongo. Ninawajua wanaofanya hivyo: E. coli na jamaa zake, wakiingia ndani ya maziwa kwa ndoo au mikono michafu, hutoa gesi na jibini inavimba. Mama akaibeba kwenda kuitupa. Tukabaki wawili.

Niliongea nikiangalia sakafu.

"Papa, fromaji ikilia mubaya unaipasua siku ileile. Hauogopi kuangalia ndani. Rafiki yako anangoja nini?"

Alipangusa kisu muda mrefu, kikiwa kimeshakauka.

"Anaogopa. Kama iko kanseri?"

"Inaweza kuwa amiba tu, Papa. Na kama njo kanseri, heri ionekane ingali kidogo. Docteur njo atajua, hapana telefone."

"Na ku hopitali watamuuliza maneno ya choo?"

"Watamuuliza."

"Mbele ya bantu?"

"Mbele ya docteur."

Akatundika kisu ukutani. "Basi Jumatatu tutapanda pikipiki sisi wawili. Na njo wewe utasema. Mi nitaangalia ukuta." Akafika mlangoni, akageuka. "Mama yako nitamwambia mwenyewe."

Hakumtaja tena rafiki yake. Mimi pia sikumuulizia.

Mimi, niseme? Mimi ninayesalimia watu nikiwa nimeziba mdomo kwa kitambaa? Kusoma habari za kolibaktini ni rahisi, hainiangalii.

Jioni hii nilirudi kuzigeuza jibini, nikajifungia ndani, nikafanya mazoezi kwa sauti:

"Bonjour, docteur. Papa yangu anatoka damu akienda ku choo."

Mara ya kwanza sauti ilikwama kwenye neno damu. Mara ya tano sentensi yote ilipita. Jibini zote zilinisikiliza vizuri, hakuna hata moja iliyocheka.

Docteur ana macho. Jumatatu nitamwangalia wapi?